Jinsi Kijakazi binti Sadalla Alivyoitwaa Maikrofoni ya Mikanju

Sogezeni majamvi, enyi mliokaa mbali, na wenye watoto wachanga wanyamazisheni kwa titi, na wenye wakubwa wanyamazisheni kwa kashata, kwa kuwa yatakayosemwa hapa hayakupata kusemwa. Wako waliokwisha kusimulia habari za masultani waliovuka maji na mizinga yao, na za ngome zilizovunjwa, na za majemadari waliolala na panga vifuani. Hizo tuwaachie wenye pumzi. Hapa itasimuliwa vita iliyopiganwa kwa muda wa dakika moja na nusu, jioni ya Jumamosi, katika mwaka wa hamsini na sita, ndani ya chumba chenye upana wa vitanda viwili, katika Chuo cha Waalimu cha Mikanju, pembeni mwa mtaa wa Mabawa, mjini Tanga. Na shujaa wake ni msichana wa miaka kumi na tisa aliyeingia vitani na fagio la chelewa. Ewe Mola, mpaji wa ndimi, tupe sisi pumzi ndefu ya kuisimulia, maana shujaa mwenyewe hakuwa nayo.

Kwanza ijulikane enzi ile ilivyokuwa. Chuo cha Mikanju kilikuwa na redio yake. Wabaya wake walisema hiyo si redio, ni sanduku la sauti lenye taa nyekundu, na maikrofoni moja iliyovishwa leso, na santuri kumi na nne ambazo mbili kati yake zilikuwa na ufa. Lakini kutoka kwenye sanduku hilo nyaya zilitambaa juu ya mikanju, ile mikorosho iliyokipa chuo jina, hadi kwenye midomo mitatu ya bati, mmoja penye bwalo, mmoja penye uwanja wa mpira, na wa tatu juu ya nguzo kando ya barabara, umeielekea Mabawa kama mtu anayetaka kuazima chumvi. Kila jioni saa kumi na nusu mdomo huo ulikohoa, na Mabawa yote ikasikia: kwanza habari za chuo, kisha nyimbo mbili, kisha Matangazo ya Jirani, mbuzi wa nani amepotea na maulidi ya nani yanasomwa lini. Kina mama walitoka na ukili wao wa kusuka na michele yao ya kuchagua, wakakaa chini ya nguzo, wakasikiliza.

Na ndani ya chumba cha redio, akifagia kabla ya vita na baada ya vita, alikuwako Kijakazi binti Sadalla, Mshika Fagio, Mtazama Sakafu, ambaye shikamoo yake ilikuwa ikifika kidevuni mwake mwenyewe na kuishia hapo. Huyu alisoma hadi darasa la tatu. Siku moja alikuja mkaguzi, na mwalimu akamwamuru Kijakazi asimame aitaje mito ya Tanganyika. Kijakazi akasimama. Akafumbua kinywa, akakifumba, akatoka mlangoni kwa adabu, akaenda kwao, na mpaka leo mkaguzi anaingoja Pangani. Kusoma alijua, kwa mwendo wake, ilimradi asiwepo mtu wa kumsikiliza.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Shangazi yake Kijakazi, Bi Mwanasiti, aliyemlea tangu utoto, alikuwa anaoza binti, na wali ulikuwa uliwe Jumapili adhuhuri. Na watu wa pwani hawaendi kwenye wali wasikoalikwa. Atakaa mtu nyumbani kwake, harufu ya biriani imemshika pua na kumvuta, na hatoki; atasema, sikualikwa, na atalisema tena mwaka ujao, na mwaka wa kufa kwake ataliusia. Kwa hiyo kila harusi ina mwalishi, mwanamke anayepita mlango kwa mlango, akabisha hodi, akakaa, akauliza hali za watu wote hadi paka, ndipo akatamka mwaliko. Mabawa nzima mwalishi alikuwa mmoja, naye ni Bi Safari, Mwenye Milango Hamsini, mwanamke mrefu aliyetembea na mwavuli wakati wa jua na wakati wa mvua na wakati usio na kimojawapo. Aliwaalika waliozikwa, aliwaalika waliozaliwa, na hakuna harusi aliyoialikia watu ikabakiza ukoko.

Ni nani basi aliyeuvunja utaratibu huo? Tuseme kweli hata kama inauma. Ni Kijakazi. Siku kumi kabla ya harusi, wakati watu wazima wanazungumza habari za mwalishi na jinsi magoti ya Bi Safari yanavyomsumbua siku hizi, Kijakazi, ambaye kwa mwaka mzima hakutoa wazo, alitoa moja. Alisema, akiitazama sakafu, kwamba redio ingeweza kuwaalika watu wote kwa mara moja. Wote wakageuka. Shangazi akaona kuwa hiyo ni akili ya kisasa. Akampelekea Bi Safari salamu kwamba safari hii apumzike, mdomo wa bati utafanya kazi. Na Bi Safari, inasimuliwa, aliifunga kanga yake upya, akamjibu aliyetumwa bila kupandisha sauti: "Vyema. Mwambie bibi yako, huo mdomo wa bati na uwapokee wageni, uwanawishe na mikono."

Kijakazi aliandika tangazo kwa hati yake mwenyewe, akalipeleka kwa Mwalimu Manase, mkuu wa redio, Mshambaa wa Kilutheri kutoka milimani, mtu mwema mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Mwalimu Manase alilipokea, akasema litasomwa siku tatu za mwisho. Alhamisi redio ikawa kimya, sanduku limefunguliwa linatengenezwa. Ijumaa vilevile. Bi Mwanasiti hakushtuka. Jumamosi ilikuwa bado ipo.

Jumamosi saa tisa Kijakazi alikwenda kazini, na hapo mlangoni pa chumba cha redio alikutana na adui. Hakuwa na upanga wala mkuki. Alikuwa ni karatasi iliyopigwa chapa, imebanwa kwa pini nne, na juu yake imeandikwa RATIBA MPYA. Kijakazi aliisoma. Habari za Chuo, Habari za Ulimwengu, Mazungumzo ya Ukulima, Kwaya, Mwisho. Akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, labda upande huo kungekuwa na huruma. Matangazo ya Jirani hayakuwamo.

Ee nyinyi mnaosikiliza, mioyo ya mashujaa hupimwa saa kama hizo, na moyo wa Kijakazi ulipopimwa ulionekana kuwa na uzito wa bisi moja. Shujaa wetu alifikiri kukimbia. Aliupanga mpango wote papo hapo: atakwenda Ushongo kwa ndugu za marehemu mama yake, atakaa huko na kaa wa ufukweni, hakuna atakayemuuliza kitu, na baada ya miaka ishirini atarudi akiwa mzee na watu watakuwa wamesahau. Akaliegemeza fagio ukutani. Akafika hadi kwenye ua wa chuo. Na pale uani, upande wa pili wa miti, akamkuta shangazi yake, kajifunga kibwebwe, nyuma yake wanawake kumi na wawili na masinia ya mchele, wanatandika mikeka chini ya nguzo.

"Mwanangu," Bi Mwanasiti akasema, "leo ndiyo leo. Watalisoma tangazo?"

Kijakazi alitaka kusema kweli. Kweli ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wengi. Akaitikia kwa kichwa.

Haya ndiyo makosa yanayoangusha falme. Bi Mwanasiti aliwaambia wenzake kwamba mwanawe huyu hana maneno lakini ana akili, na kwamba yule ng'ombe aliyekuja kwa miguu kutoka Maramba alikuwa amefika mchana na kwato zake zote, na kwamba masufuria makubwa ya msikiti yameletwa na mkokoteni. Akasema pia, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa isisikike lakini ikasikika, kwamba kama watu wasipokuja atauza nyumba ahame, maana hataweza kupita mbele ya baraza ya Bi Safari na wali wa watu mia mbili ukichachia ndani. Aliposema hivyo alicheka. Kijakazi akamwona anapeta tena, katika ungo wake, mchele uliokwisha kuwa safi. Akageuka, akarudi, akalitwaa fagio lake. Si kwa ushujaa. Njia ya kwenda Ushongo ilikuwa inapita kwenye ile mikeka.

Ndani ya chumba sanduku lilikwisha kuwashwa. Mwalimu Manase alikuwa amekaa penye swichi, na mbele ya maikrofoni alikuwa amekaa Asheri, mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mwenye Koo la Asali, msomaji wa habari, ambaye alinyoa ndevu kabla ya kusoma ingawa hakuna aliyemwona. Kijakazi alifagia. Alipafagia penye kiti, akapafagia tena, akapafagia mara ya tatu, mpaka Asheri akamwuliza kama kuna kitu amekizika hapo. Kisha akamtania, kwamba leo anaona fagio limekuja kuomba zamu ya kusoma. Mwalimu Manase akatabasamu, akamwuliza binti kama ana shida.

Kijakazi akatoa tangazo la shangazi yake, ambalo alikuwa amelikuta katika kapu la taka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa yote ya zamani yalitupwa humo. Akaliweka mezani.

Mwalimu Manase alilitambua. Akavua miwani, akaifuta, na kwa kuwa alikuwa mwalimu akaanza kufundisha. Alieleza kwamba Matangazo ya Jirani yameondolewa kwa sababu nzito, kwa kuwa watu waliyageuza uwanja wa ugomvi. Mwezi uliopita mama mmoja alipeleka tangazo kwamba asiyejua kurudisha chungu cha watu ajue kuwa chungu kina mwenyewe, na kesho yake lilikuja la kujibu, na keshokutwa walishikana penye kisima. Redio ya chuo haikuwekwa kwa ajili ya vyungu. Kuanzia leo itasoma habari tu.

"Na habari, binti yangu," akasema Mwalimu Manase, akiinua kalamu moja kama mkuki, "ni jambo lililokwisha kutokea. Mafuriko yametokea, tunasoma. Mkutano umefanyika, tunasoma. Harusi yenu ni kesho. Haijatokea. Sitasoma katika redio ya chuo jambo ambalo halijatokea. Nenda ukamwambie shangazi yako, Mwalimu anaomba radhi, naye aendelee salama."

Hapo ndipo kila mwenye akili angetoka. Kijakazi mwenyewe aliuona mlango, na mlango ulikuwa wazi. Miguu yake ilikwisha kuanza. Lakini kutoka nje, kupitia dirishani, alisikia masinia yanapeta mchele, kumi na mawili, kila moja kwa mapigo yake. Akasimama. Kinywa chake kikafumbuka, na safari hii, badala ya kufumbwa, kikatoa sauti, ndogo kama ya mlango wa kabati.

"Ng'ombe amekwisha kufika, Mwalimu."

Mwalimu Manase akauliza ng'ombe gani.

"Ametoka Maramba kwa miguu. Siku mbili. Hilo limetokea." Akaliegemea fagio. "Na mchele umechaguliwa. Na nazi mia na ishirini zimefuliwa. Na masufuria ya msikiti yamekuja. Yametokea yote, Mwalimu. Leo."

Taa nyekundu ya sanduku iliendelea kuwaka, nayo ilionekana kama inasikiliza. Mwalimu Manase alikuwa mtu wa haki, na hakuna silaha mbaya kwa mtu wa haki kama maneno yake mwenyewe akirudishiwa na mtu anayetetemeka. Aliitazama dari. Alizihesabu kalamu zake. Mwishowe akasema, kwa taabu, kwamba ng'ombe aliyefika ni habari.

Asheri akakataa. Alisema kwa heshima zote kwamba yeye jioni hii anasoma Mfereji wa Suezi, na mtu aliyesoma Suezi hawezi kushuka papo hapo hadi kwenye ng'ombe wa Maramba. Watu watadhani ng'ombe ameukata mfereji. Mwalimu Manase akafikiri, akaamua hukumu ya pili ambayo hata mfalme mwenye miaka mia kitini asingeiamua kwa ukatili zaidi.

"Basi mwenye habari na aisome mwenyewe. Baada ya Suezi. Lakini habari tu, binti. Ukialika watu, nafunga swichi."

Haya, nyamazeni sasa, maana twafika penyewe.

Asheri alimaliza Suezi kwa koo lake la asali, akainuka, akakipangusa kiti kwa leso kana kwamba anamwachia malkia, mzaha ambao shujaa hakuuona, kwa kuwa alikuwa haoni kitu. Kijakazi aliketi. Maikrofoni ilikuwa mbele yake, imevaa leso, haina macho, na hilo lilimsaidia kidogo. Fagio alikuwa bado amelishika. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mkono wa Mwalimu Manase ulikaa juu ya swichi kama kipanga juu ya tawi. Na kule nje, juu ya nguzo, mdomo wa bati ukaiambia Mabawa sauti ambayo Mabawa haijapata kuisikia: pumzi. Kwanza pumzi tupu, ndefu, inaingia na kutoka, hata Bi Mwanasiti akamwuliza jirani yake kama redio imeugua.

Kisha ikasema.

"Habari. Ng'ombe mmoja. Amefika leo. Nyumbani kwa Bi Mwanasiti. Ametoka Maramba." Kati ya neno na neno mtu angeweza kuchemsha yai. "Mchele umechaguliwa. Gunia mbili. Nazi zimefuliwa, mia na ishirini. Masufuria yamekuja kutoka msikitini, makubwa, manne. Mafiga yamesimamishwa. Bwana arusi ameonekana kwa kinyozi. Hizi ni habari."

Ikanyamaza. Chini ya nguzo masinia kumi na mawili yalisimama hewani. Na barabarani, kwenye baraza yake iliyotazamana na nguzo, Bi Safari alikuwa amekaa na mwavuli magotini, wala hakuificha furaha yake; kwa kuwa alijua, kama walivyojua wote, kwamba ng'ombe amesemwa, na nazi zimesemwa, lakini hakuna mtu aliyealikwa. Wangejua wote mahali ulipo wali, na wangekaa wote majumbani mwao.

Ndani ya chumba Kijakazi alijua vilevile. Alimtazama Mwalimu Manase. Mwalimu Manase akamtazama yeye, akatikisa kichwa polepole, kidole chake kikagusa swichi. Msichana huyu, aliyeshindwa na mito ya Tanganyika, ambaye maishani mwake hakupata kuwaambia neno watu zaidi ya watatu, aliinama mpaka pua ikagusa leso ya maikrofoni, akasema neno moja, bila kulisoma popote.

"Karibuni."

Swichi ikalia. Taa nyekundu ikazima. Lakini neno lilikwisha kupita kwenye waya, likapanda juu ya mikanju, likashuka kwenye bati, likaanguka Mabawa.

Sasa hapakuwa na mshindi bado. Maana wale wanawake hawakurukaruka. Walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka kuitazama baraza ya Bi Safari. Je, huo ni mwaliko? Hakuna aliyebishiwa hodi, hakuna aliyeulizwa hali ya paka wake. Bi Mwanasiti aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu kuuacha usichana alisubiri mtu mwingine aamue, na mtu huyo alikuwa Bi Safari, aliyeambiwa naye apumzike. Alikuwa na haki ya kukataa, na kila mtu alijua hivyo. Ndipo Bi Safari akainuka kwa magoti yake mabovu, akaufungua mwavuli ingawa jua lilikwisha kushuka, akauvuka mtaro, akasimama mbele yao.

"Nimealika miaka ishirini na sita," akasema. "Neno ni hilo hilo. Mengine yote nilikuwa nayatia mwenyewe."

Kisha akamwuliza Bi Mwanasiti yule mtoto anayehema redioni ni wa nani. Alipoambiwa, akasema kwamba sauti yake haina maana kabisa, lakini mtu anayeogopa namna ile hawezi kuwa anasema uongo.

Basi walikuja. Walikuja wa milango hamsini ya Bi Safari, na kwa kuwa mdomo wa bati haukujua kuchagua, walikuja na wale ambao hakuna mwalishi aliyepata kuwafikia: wakata mkonge kutoka kambini, waliopita barabarani Jumamosi wakalisikia lile neno, na wanafunzi wa chuo na sahani zao, na Asheri, ambaye alikula nyama ya ng'ombe yule yule aliyekataa kumsoma, tena mara mbili. Mwalimu Manase alifika baada ya ibada, amevaa tai, akakaa mwisho wa mkeka kama mtu asiyetaka kuonekana anakula kosa lake. Ukoko haukubaki. Wengine walilamba masufuria ya msikiti, na tuseme ukweli, mchele haukutosha, na watu saba walikwenda na harufu tu, lakini walikuwa wamealikwa, wala hawakusema neno.

Shujaa mwenyewe hakuonekana. Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sahani, na kila aliyekwenda kumpongeza alijibiwa na mgongo. Bi Safari peke yake ndiye aliyekaa naye huko, juu ya kinu kilichopinduliwa, akimpa sahani chafu moja moja.

Jumatatu Mwalimu Manase alifungua daftari la redio, ambalo ndani yake huandikwa kila lililosomwa na aliyelisoma, na kwa wino wa kalamu yake ya tatu, ile asiyoitumia ovyo, akaandika chini ya Mfereji wa Suezi: Saa kumi na moja na dakika nane. Habari za Mabawa. Msomaji, Kijakazi binti Sadalla. Kisha akaketi kitambo, akiifikiria ratiba yake mpya iliyokuwa mlangoni, na alipokwisha kufikiri akaongeza, kwa uchungu wa mtu wa haki: Na neno moja zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, kwa wino wa bluu, ukurasa wa thelathini na tisa. Majemadari wengi wamekufa bila hata mstari mmoja. Anayetaka kubisha na aende Mikanju akalitazame daftari. Na akifika, apanguse miguu kwanza, maana sakafu ile imefagiliwa na mtu ambaye jina lake limo ndani.